Je, sinki la jikoni ni lazima liwe chini ya dirisha?

Mazao yakishauzwa na mvua zikishakatika, huo ndio msimu wa mafundi vijijini. Huyu anaezua bati lililooza, yule anapiga plasta, mwingine anamwaga zege la sakafu. Na siku hizi, kila maji ya bomba yanapofika kwenye kitongoji kipya, kazi ya kwanza inayofikiriwa na watu wengi ni jiko.

Swali la leo limetoka kwa msikilizaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini. Ujumbe wake tunauandika kwa ufupi:

"Ndugu watangazaji, tumeuza parachichi tukapata hela kidogo ya kurekebisha jiko. Maji sasa yanafika uani. Tunataka tuweke sinki ndani, tuache kuosha vyombo kwenye beseni huku tumeinama. Fundi anasema sinki lazima likae chini ya dirisha, ndivyo nyumba za kisasa zilivyo. Lakini hela inatosha dirisha moja tu. Kwa hiyo anataka azibe dirisha lililo karibu na mafiga, fremu yake aihamishie kwenye sinki. Mama mkwe amekataa kabisa. Mume wangu yuko upande wa fundi. Mimi niko katikati. Nani yuko sahihi?"

Tunajibu kwanza, kisha tutaeleza. Mama mkwe yuko sahihi. Sinki halihitaji dirisha. Linahitaji maji yanayoingia, maji machafu yanayotoka vizuri, na mwanga wa kutosha kuona uchafu kwenye sufuria. Kinachohitaji tundu la kutolea hewa ni moto. Kama dirisha ni moja tu, usilinyang'anye moto ukalipa sinki.

Hata hivyo fundi hajasema jambo la kipuuzi. Dirisha mbele ya sinki lina faida zake, na zipo nyumba ambazo ndipo mahali pake hasa. Tatizo ni lile neno "lazima". Tulipime pamoja.

Desturi hii ilitoka wapi?

Picha nyingi za majiko tunazoziona kwenye simu, kwenye kalenda za maduka ya vifaa vya ujenzi na kwenye filamu zinatoka Ulaya na Marekani. Huko sinki chini ya dirisha ni desturi ya muda mrefu, na sababu zake ni za kawaida kabisa.

Ya kwanza ni mwanga. Kabla umeme haujaenea, mtu aliyeosha vyombo ndani alihitaji mwanga wa mchana, na mwanga ulipita dirishani. Ya pili ni bomba. Sinki likikaa kwenye ukuta wa nje, maji machafu yanatoka kwa njia fupi. Na kwa kuwa ukuta wa nje ndio wenye madirisha, vitu viwili hivyo vikajikuta mahali pamoja. Ya tatu ni kwamba kabla ya mashine za kuoshea vyombo, mtu alisimama pale muda mrefu, akataka kitu cha kutazama.

Lakini hata huko haikuwa sheria. Mwaka 1926, mbunifu wa majengo Margarete Schütte-Lihotzky wa Austria alichora jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi katika jiji la Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa chini ya mita 2 na urefu wa karibu mita tatu na nusu, na majiko ya aina hiyo yapatayo 10,000 yalijengwa. Wengi wanalihesabu kuwa ndilo mwanzo wa jiko la kisasa. Katika jiko hilo, mbele ya dirisha mbunifu aliweka meza ya kukatia na kuandalia chakula. Sinki alilipanga kwenye ukuta wa pembeni, likapata mwanga kutoka kando. Kwa hiyo fundi akikuambia kwamba jiko la kisasa lazima liwe na sinki chini ya dirisha, mjibu kwa upole kwamba si kweli.

Jiko letu si jiko la pichani

Kuna tofauti moja kubwa. Wenye jiko la pichani wanapikia umeme au gesi, na juu ya moto pana mashine ya kuvuta mvuke. Wengi wetu bado tunapikia kuni au mkaa. Kwao dirisha ni la mwanga na mandhari. Kwetu dirisha ni njia ya kutolea moshi.

Moshi huo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na moto wa kupikia, ilisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati ya hao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wanaoumia zaidi ni wale wanaokaa karibu na moto: akina mama, wasichana wanaosaidia kupika, na mtoto aliyebebwa mgongoni. Moshi huo husababisha nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima huleta magonjwa sugu ya mapafu, ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu.

Wapo watakaosema, "Sisi tunatumia mkaa, hautoi moshi." Hapo pana hatari nyingine. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inashika kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na inashika kwa nguvu zaidi kuliko oksijeni mara 200 hivi. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Mtu akizidi kuivuta anazimia, na anaweza kufa bila kujua kilichomtokea.

Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu msikilizaji wetu yuko sehemu ya baridi. Kule mwezi wa sita na wa saba watu hufunga mlango wa jiko na kuota moto humo humo. Ukiziba lile dirisha la karibu na mafiga, halafu usiku wa baridi mlango ukafungwa, umetengeneza chumba cha hatari. Lile dirisha jipya la kwenye sinki nalo litafungwa, kwa sababu hakuna anayependa upepo wa baridi umpige usoni huku mikono iko kwenye maji.

Mtu akipatwa na dalili hizo, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja na mumpeleke kituo cha afya. Na mkaa usiingizwe chumba cha kulala, hata kama dirisha liko wazi.

Gawanya kazi za dirisha

Ili usipotee katika mabishano na fundi, usiulize "dirisha likae wapi?" Uliza kwanza, "dirisha hili litafanya kazi gani?" Jikoni kazi ziko nne.

Kutoa moshi na joto. Hewa ya moto hupanda juu. Kwa hiyo tundu la moshi linafaa kuwa juu, na pawe na njia nyingine ya hewa safi kuingia, ikiwezekana upande wa pili na chini zaidi. Mlango na dirisha vikitazamana, hewa inapita. Vikiwa ukuta mmoja, hewa inazunguka tu, na moshi unabaki ndani.

Kuleta mwanga. Kwenye kuosha vyombo, mwanga unaotoka kando ni mzuri kama ule wa mbele. Mwanga mbaya ni unaotoka nyuma yako, kwa sababu unasimama kwenye kivuli chako mwenyewe. Jaribu jioni: shika sufuria, geuka huku na huku, utaona upande gani masizi yanaonekana vizuri.

Kuona nje. Hii ni kazi halisi, ingawa mafundi hawaitaji. Anayeosha vyombo ndiye huyo huyo anayeangalia mtoto asifike kwenye ndoo ya maji, mbuzi asile mahindi yaliyoanikwa, na mawingu yasije yakanyesha juu ya nguo. Kama uani kwako kuna mambo ya kuangalia, dirisha la sinki lina thamani kuliko inavyoonekana kwenye hesabu ya fundi.

Kupitisha vyombo. Vijijini wengi wetu tuna kichanja cha kukaushia vyombo uani. Ni jambo jema, kwa kuwa jua na upepo hukausha vyombo kuliko kitambaa kinachotumika wiki nzima. Dirisha la sinki likifunguka karibu na kichanja, sahani zinapita dirishani moja kwa moja. Lakini fikiria nondo kwanza. Zikiwa zimebanana, hata kikombe hakipiti.

Ukishaziandika kazi hizo nne, utaona kwamba ya kwanza ni ya uhai. Tatu zilizobaki ni za urahisi. Kwa hiyo fedha ikiwa ndogo, ya kwanza ndiyo itangulie.

Mahali pa sinki panaamuliwa na maji machafu

Watu wengi huchagua mahali pa sinki kwa kutazama ukuta. Wangetazama ardhi kwanza. Maji safi yana msukumo, yanaweza kupanda na kukata kona. Maji machafu hayana msukumo. Yanashuka tu.

Bomba la maji machafu ya sinki lihesabie mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita 1. Kama shimo la maji machafu liko mita 5 kutoka kwenye sinki, bomba linatakiwa lishuke sentimita 10. Likiwa mita 12, linatakiwa lishuke sentimita 24. Mteremko ukiwa mdogo mno, mafuta na punje za wali zinaganda njiani na bomba linaziba. Fundi hupima kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji: maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja daima, hata mpira ukizunguka nyumba nzima. Mwambie akupimie mbele yako kabla ya kuchimba.

Sasa chukua mfano. Ukuta wenye mwonekano mzuri uko upande wa juu wa kiwanja, na shimo liko upande wa chini. Ukipeleka sinki juu ili upate dirisha, bomba litapita chini ya sakafu ya jiko zima, na siku likiziba utavunja sakafu mpya. Hapo dirisha la mandhari limekuwa ghali sana.

Mambo mengine matatu kuhusu maji hayo:

Chini ya sinki pawe na kile kipande cha bomba kilichopinda kama herufi U. Maji yanayobaki kwenye mkunjo huo ndiyo yanayozuia harufu na mende wasipande kutoka shimoni. Mafundi wengine hukiruka ili kupunguza gharama. Usikubali. Na kama jiko linanuka harufu ya mtaro, dawa yake ni mkunjo huo. Dirisha haliiondoi harufu hiyo, linaipunguza tu kwa muda.

Shimo la kunyonya maji machafu liwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima au chemchemi, na lisiwe upande wa juu wa kisima.

Maji ya kuoshea vyombo yanaweza kuelekezwa kwenye migomba badala ya kutuama. Ila kwanza yapite mahali pa kuchuja mabaki ya chakula na mafuta, na yasiachwe yakafanya dimbwi la mbu na inzi mbele ya hilo dirisha jipya.

Kama umeamua dirisha liwe mbele ya sinki

Huenda wewe tayari unapikia gesi au umeme, au jiko lako la kuni liko nje kwenye banda lake, na ndani unataka pa kuoshea tu. Hapo dirisha mbele ya sinki ni uamuzi mzuri. Angalia mambo haya kabla fundi hajaanza kubomoa.

Koki. Meza ya sinki kwa kawaida huwa na kimo cha sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Koki yenye shingo ndefu inaongeza sentimita 30 au zaidi. Dirisha linalofunguka kwa ndani litagonga koki hiyo kila siku. Chagua linalofunguka kwa nje, la kuteleza, au la luva. Na kumbuka: dirisha la kuteleza linafunguka nusu tu, nusu nyingine hubaki kioo siku zote. La luva hufunguka karibu lote, ila usiku wa baridi halizibi vizuri.

Mkono wako. Mbele yako kuna sinki lenye upana wa nusu mita au zaidi. Je, utafikia komeo la dirisha bila kupanda kwenye kigoda? Kama anayeosha vyombo ni binti wa miaka kumi na mbili, mwite asimame pale anyooshe mkono. Dirisha lisilofikika halifunguliwi.

Jua. Epuka upande wa magharibi ukiweza. Jua la saa kumi jioni litakupiga machoni saa ile ile ya kuandaa chakula cha jioni, na jiko litabaki na joto. Upande wa mashariki unapata jua la asubuhi, ambalo ni pole na linakausha sinki. Kaskazini na kusini ni rahisi zaidi kukinga kwa upenuo wa paa, kwa sababu huku kwetu jua la mchana hupita juu sana.

Kilicho nje. Usifungue dirisha la jiko kutazama choo cha shimo au zizi. Inzi watafika kabla ya upepo. Weka wavu, na uoshe wavu huo mara kwa mara, maana wavu ulioziba kwa masizi ni sawa na ukuta.

Pazia. Dirisha la sinki halina shida na pazia fupi, lakini dirisha lililo juu au karibu na moto lisiwe na pazia kabisa. Na jiko la gesi lisiwekwe chini kabisa ya dirisha, kwa kuwa upepo unaweza kuzima moto huku gesi ikiendelea kutoka.

Ukuta. Kukata dirisha kwenye ukuta uliokwisha kujengwa si kazi ya kuanza na nyundo. Juu ya tundu lazima pawe na lenta ya kubeba tofali za juu, na ncha zake ziingie ukutani angalau sentimita 15 kila upande. Usikate karibu na kona ya nyumba, acha walau sentimita 60. Kama ukuta wako ni wa tofali za udongo zisizochomwa, uwe mwangalifu zaidi. Fundi aweke nguzo za kuegemeza kabla ya kutoa hata tofali moja.

Neno kuhusu gesi

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Wengi wanaokarabati jiko sasa wanafikiria mtungi wa gesi. Ni vizuri, lakini jueni kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Moshi hupanda, gesi hii hushuka. Ikivuja, inatambaa sakafuni na kujaa mahali pa chini, hata kwenye tundu la maji la sakafu. Dirisha la juu pekee halitaiondoa. Acha tundu chini ya ukuta, karibu na usawa wa sakafu, linalotoka nje moja kwa moja, na mtungi usiwekwe ndani ya kabati lililofungwa chini ya sinki.

Ukisikia harufu yake, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa. Funga mtungi ukiweza, fungua mlango, watu watoke.

Hela haitoshi madirisha mawili? Fanya hivi

Turudi kwa msikilizaji wetu. Alituambia jiko lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 2.5. Mlango unatokea uani, na bomba la maji liko huko huko uani. Dirisha dogo liko ukuta wa pili, karibu na mafiga.

Ushauri wetu ni huu.

Dirisha la mafiga libaki pale lilipo. Tayari linatazamana na mlango, maana yake hewa ina pa kuingilia na pa kutokea. Fedha ikipatikana, libadilishwe liwe kubwa zaidi au litobolewe matundu juu yake, chini tu ya paa, ambayo hayafungwi usiku. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kwamba eneo la dirisha liwe angalau sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Sakafu yao ni mita za mraba 7.5, kwa hiyo dirisha liwe na walau mita ya mraba 0.75, mfano upana mita 1 na kimo sentimita 75. Kipimo hicho ni cha chumba cha kawaida. Kwenye moto wa kuni, zaidi ya hapo ni bora, na bomba la moshi au jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi ni bora zaidi.

Sinki likae kwenye ukuta wa uani, pembeni ya mlango. Maji yako karibu, mteremko uko huko, na mwanga wa mlango utaangukia sinki kutoka kando. Mlango ukikatwa vipande viwili, cha juu kinaweza kubaki wazi mchana kutwa huku cha chini kikizuia kuku na mtoto.

Kama mwanga bado hautoshi, bati moja la kupitisha mwanga juu ya sinki linagharimu kidogo kuliko dirisha lenye fremu, vioo, nondo na wavu. Linafaa pale ambapo hakuna dari. Lisiwekwe juu ya mafiga, kwa sababu masizi yatalifanya jeusi na joto litaliharibu. Kuta zipakwe chokaa nyeupe. Watu hawaamini mpaka waone jinsi chokaa inavyoongeza mwanga ule ule uliokuwepo. Na kwa usiku, taa ndogo ya sola itundikwe mbele ya anayeosha, isiwe nyuma yake.

Halafu kuna jambo moja ambalo litawapatanisha fundi na mama mkwe. Wakati ukuta wa uani uko wazi kwa ajili ya plasta, fundi aweke lenta sasa, juu ya mahali ambapo dirisha la sinki lingekaa. Tofali za chini ya lenta zibaki. Mabomba yasipitishwe katikati ya eneo hilo, yapite pembeni au chini ya meza. Mwakani, parachichi zikiuzwa tena, tofali hizo zitatolewa bila kutikisa ukuta, na dirisha litaingia bila kuvunja bomba wala vigae.

Jaribio la siku moja kabla ya kuamua

Huhitaji mtaalamu kwa haya. Unahitaji siku moja, chaki na majani mabichi kidogo.

Asubuhi, chora kwa chaki ukutani sinki na dirisha unavyotaka viwe, kwa vipimo halisi. Weka meza na beseni hapo, osha vyombo vya siku hiyo ukiwa umesimama. Angalia kivuli chako kinaangukia wapi.

Mchana, washa moto na utupie majani mabichi machache yatoe moshi kwa dakika moja, watoto na wazee wakiwa nje. Simama mlangoni utazame moshi unaelekea wapi. Kisha funika lile dirisha unalotaka kulihamisha kwa gunia, urudie. Tofauti utakayoiona kwenye moshi itamaliza ubishi wa wiki nzima.

Jioni, saa kumi na mbili, rudi pale pale na sufuria yenye masizi. Kama huoni uchafu, huo ndio mwanga utakaokuwa nao kila siku. Amua kama unahitaji dirisha, bati, au taa.

Na kabla ya kumlipa fundi malipo ya awali, jambo la mwisho. Katika nyumba nyingi, anayeamua dirisha likae wapi ni baba na fundi, wakiwa wamesimama uani. Anayesimama jikoni saa tatu au nne kila siku hajaulizwa. Kwa ujumbe wa leo, aliyekataa mpango huo alikuwa mama mkwe, ambaye amepuliza moto karibu na dirisha lile miaka mingi na anajua moshi unapita wapi. Muulizeni yeye, na muulizeni mkwe wake. Halafu fundi aitwe.